Msafisha Meno Akilewa, Leseni Yake Hufanywa Nini?

Huko California, msafisha meno mwenye leseni hafanyi kazi ya kung'arisha tu. Huingiza chuma chenye ncha chini ya ufizi akakwangua ukoga, na akishafuzu mafunzo yake huruhusiwa, daktari akiwapo, kuchoma sindano ya ganzi na kumvutisha mgonjwa gesi ya kutuliza. Mkono ukitetemeka, ufizi huchanika. Gesi yenyewe nayo ni kishawishi kwa anayeshinda nayo kutwa.

Bodi inayosimamia taaluma hiyo ina njia mbili. Ya kwanza ni nidhamu: hati ya mashtaka, siku 15 za kuijibu, kisha shauri mbele ya jaji wa utawala. Leseni yaweza kufutwa, au ufutaji ukasitishwa kwa masharti na mhusika akafanya kazi chini ya uangalizi. Hati hizo ni za wazi. Mgonjwa yeyote anaweza kuzisoma.

Njia ya pili ni mpango wa tiba kwa waliozidiwa na pombe au dawa za kulevya. Mtu anaweza kujipeleka mwenyewe, na kumbukumbu zake huwa siri. Wapo wanaouita mlango wa uani. Mimi nawaambia wasome masharti yake kwanza. Wakati wa tathmini ya hali yake, mhusika anakaa nje ya kazi, wala harudi mpaka vipimo vyake viwe safi kwa siku zisizopungua 30. Mwaka wa kwanza hupimwa mara 52 hadi 104, bila kujua siku, na mkojo anautoa huku mtu akimtazama. Kazini yupo mfuatiliaji wa kuonana naye ana kwa ana kila wiki. Tena kuwa mpangoni hakuizuii bodi kumshtaki.

Ukali huu umetokana na aibu ya wengine. Madaktari wa California walikuwa na mpango wao, lakini ukaguzi wa serikali wa mwaka 2007 ulikuta vipimo vingi havikufanyika siku zilizopangwa. Mpango huo ulifungwa mwaka 2008, na mwaka huohuo sheria ikaagiza viandaliwe viwango vya pamoja kwa bodi za fani za afya. Kwa viwango hivyo, kipimo kikionyesha kilevi kilichokatazwa, mhusika huamriwa kuacha kazi mara moja, na mwajiri wake hupewa taarifa.