Sifa iliyoongezwa Longech, isionekane Lodwar

Chukua mfano wa mizani ya samaki huko Longech, ulimi wa mchanga unaotenga Ghuba ya Ferguson na Ziwa Turkana. Tuseme karani anaandika katika tarakilishi jina la mashua, aina ya samaki na kilo, kisha rekodi hiyo inapokelewa na programu ya pili mjini Lodwar inayokokotoa malipo ya mvuvi. Wanaounda programu huita rekodi kama hiyo kitu, na kila habari iliyomo huiita sifa.

Baadaye mizani inaanza kupokea samaki waliokaushwa. Mtayarishaji wa programu ya Longech anaongeza sifa mpya, "hali", ili kutofautisha kavu na mbichi, pasipo kumwarifu mwenzake wa Lodwar. Samaki akikauka hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake kwa kuwa maji yametoka. Hivyo, programu isiyoijua "hali" itamlipa mvuvi bei ya samaki mbichi kwa kilo za samaki kavu, na hesabu itatoka bila onyo lolote.

Ukimya huu hutegemea lugha iliyotumika. JavaScript, iliyobuniwa mwaka 1995, huruhusu sifa kuongezwa wakati wowote, na ikiulizwa sifa isiyokuwapo haisimami, bali hujibu kwamba thamani haijafafanuliwa. Iwapo programu inahesabu kila kisicho kavu kuwa mbichi, kuandika "Hali" badala ya "hali" kunatosha kumpunja mvuvi.

C# ni kali zaidi, ila ina mtego wake. Kitu kilichoundwa papo hapo, bila aina yenye jina, sifa zake husomeka ndani ya moduli yake tu. Kikivuka hadi moduli nyingine na kusomwa kwa njia ya "dynamic", iliyoingia mwaka 2010, programu itadai sifa haipo, ilhali zana ya kukagua makosa inaionyesha. Wengi wamepoteza siku nzima hapo, kumbe kilichokosekana ni ruhusa. ExpandoObject, ya mwaka uo huo, huvuka mpaka, lakini kosa la tahajia hugunduliwa kazi ikiwa tayari inaendelea.

Binafsi naona heri aina yenye jina itangazwe katika maktaba inayotumiwa na pande zote mbili, na programu ya Lodwar ikatae kulipa sifa ikikosekana. Rekodi isiyo na "hali" irudishwe Longech samaki wangali mizanini.