Dawa za miti shamba: Wachakma wana la kutufunza

SWALI ninaloulizwa mara nyingi katika kliniki ni hili: Je, dawa za miti shamba hutibu kweli? Nami hujibu kwa kuuliza: Ni mti gani, na unatibu ugonjwa gani? Ili tuelewane, hebu tuwatazame Wachakma.

Wachakma ni wafuasi wa dini ya Budha wanaoishi hasa katika milima ya Chittagong, kusini mashariki mwa Bangladesh. Wengine wako India, katika majimbo ya Mizoram, Tripura na Arunachal Pradesh. Mganga wao huitwa baidya. Elimu yake haitegemei kumbukumbu pekee. Majina ya mimea na namna ya kuchanganya dawa yameandikwa katika vitabu vya mkono, kwa hati ya Kichakma yenyewe.

Mti wenye nguvu

Sarpagandha ni kichaka kidogo kinachotumiwa na waganga wengi wa Asia Kusini. Tangu kale mizizi yake imetumiwa kuwatuliza wenye wazimu na kuwapa usingizi walioukosa. Mnamo 1949, Dkt Rustom Jal Vakil wa Bombay alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mizizi hiyo hushusha shinikizo la damu. Mwaka wa 1952 wanasayansi walitenga kemikali yake, reserpini, ambayo ilikuwa miongoni mwa dawa za kwanza za presha.

Lakini kilicho na nguvu ya kuponya kina nguvu ya kudhuru pia. Reserpini huweza kuziba pua, kupunguza mapigo ya moyo na kumtia mtu huzuni nzito. Ikichanganywa na vidonge vingine vya presha, shinikizo laweza kushuka hadi mgonjwa azirai. Tembe hupimwa kiwandani. Kipande cha mzizi hakina kipimo.

Mwili unaojitibu

Mtu akigeuka manjano macho, waganga wa milima hiyo humpa gome la mti uitwao kwa jina la kisayansi Oroxylum indicum. Wengi hupona. Hata hivyo, homa ya ini ya aina ya A, ambayo huleta umanjano huo, aghalabu huisha yenyewe baada ya wiki kadhaa. Ni vigumu basi kujua kama sifa ni za gome au za mwili wenyewe.

Kuchelewa ni hatari

Sarpagandha hiyo hiyo hupewa pia aliyeumwa na nyoka. Hapa mti hauwezi kitu. Sumu ikishaingia mwilini, kinachohitajika ni dawa maalum ya kuizima, inayotiwa mshipani hospitalini. Vivyo hivyo malaria, ambayo katika Bangladesh imekita mizizi zaidi katika milima hiyo. Saa zinazopotea ndizo zinazoua.

Tusiwacheke wanaomwendea baidya. Yuko karibu, anazungumza lugha yao, na anawasikiliza.

Hilo la kusikiliza nilijifunza kwa uchungu. Mgonjwa wangu mmoja wa presha alikuwa akianguka mara kwa mara, nami nikazidi kubadilisha dawa bila mafanikio. Siku moja mkewe alitoa chupa ya mizizi iliyochemshwa kwenye mkoba. Kwa nini hakuniambia? Kwa sababu awali nilikuwa nimemkemea alipotaja mganga. Kosa lilikuwa langu.

Kwa hivyo, msomaji, ukitumia miti shamba mwambie daktari wako, na ikiwezekana umletee jani au mzizi wenyewe. Usiache tembe za presha au za sukari kwa sababu umepata mti. Mama mjamzito asinywe mizizi asiyoijua. Na kwa homa kali, kuumwa na nyoka au mtoto anayepumua kwa shida, nenda hospitalini kwanza.

Daktari akikukemea, mwambie hivi: kujua ninachokunywa ni sehemu ya kazi yako.