Kiti cha Mtoto Ndani ya Land Cruiser

Ndugu wanavikundi, akina mama wa Kisaju wanaotoka kliniki Kitengela hupakata watoto wachanga kwenye benchi za nyuma za Land Cruiser. Gari lililo kwenye kilomita 50 kwa saa likigonga kitu, mtoto wa kilo 7 huvuta kama mzigo wa kilo 100 na zaidi. Mikono ya mama haitaweza, hata awe na nguvu namna gani.

Kiti cha mtoto mchanga hutazama nyuma ya gari, kwa hivyo zile benchi za ubavuni hazifai kabisa. Kifungeni safu ya katikati. Na siti ya mbele je? Ikiwa ina mfuko wa hewa unaofanya kazi, hapana! Ukifura utampiga mtoto.

Pitisheni mkanda wa gari pale palipoonyeshwa, kandamizeni kiti kwa mkono, halafu vuteni. Kisicheze zaidi ya sentimita 2 na nusu. Land Rover kuukuu huenda ikawa na mkanda wa kiunoni tu. Someni maandishi ya kiti kwanza, vingine havikubali. Shuka nene isikae chini ya mikanda ya mtoto, mfunikeni juu yake. Na kikundi kikinunua kiti cha mtumba, kisiwe kimewahi kupata ajali.