Chama cha Nyumba na Njia ya Maji

Katika ukaguzi wa vyama vya mijini, makatibu huniuliza kila mara kama wanachama wanaweza kuungana ili kununua ardhi ya kujenga. Wanaweza. Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 inatambua vyama vya nyumba. Lakini kabla ya kuuliza bei ya shamba, halmashauri ya chama yafaa kuuliza maji ya mvua yatapita wapi.

Tutazame Dar es Salaam. Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, hupita Jangwani na kuingia baharini. Mtu wa kipato kidogo hutafuta chumba karibu na kazi yake, na chumba cha bei nafuu kipo bondeni. Wanaowaita watu wa mabondeni wakaidi hawajawahi kulipa nauli ya mabasi mawili kila alfajiri ili wafike sokoni. Tena maji hayo si ya mto peke yake. Kila paa jipya na kila uwanja wa saruji huko juu huzuia mvua isizame ardhini, nayo huteremka kwa mkupuo, ikikuta mifereji imezibwa na taka. Aliyeko juu hufaidi lami, aliyeko chini hupokea maji yake.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini humo. Serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, nje kabisa ya mji. Ardhi ilikuwa kavu, lakini riziki ilibaki mjini, na baadhi yao walirudi walikotoka.

Baada ya mafuriko kama hayo nilikagua chama kimoja kidogo cha akiba. Daftari la wanachama, lililohifadhiwa chini ya kitanda cha katibu, lilikuwa donge la tope. Tuliwaita wanachama mmoja mmoja walete stakabadhi. Mama mmoja mjane hakuwa na karatasi hata moja. Wenzake watano walisimama wakamshuhudia, na mkutano mkuu ukakubali akiba yake iandikwe upya. Je, wangekuwa wamekwisha kuhamishwa, kila mtu na njia yake, nani angesimama?

Hapo ndipo faida ya kuhama kwa pamoja inapoonekana. Wakazi wa Kurasini walipoondolewa kupisha upanuzi wa bandari, baadhi yao, wapangaji wakiwamo, waliweka akiba katika vikundi, wakanunua ekari 30 huko Chamazi na kuunda chama cha ushirika cha nyumba. Walijenga kidogo kidogo, nyumba ikianza ndogo na kuongezwa kadiri mwenyewe alivyoweza. Kazi imekwenda polepole, na Chamazi nako ni mbali na bandari. Hata hivyo mpangaji, ambaye kwa desturi fidia humpita na kwenda kwa mwenye nyumba, alipata pa kusimama.

Chama kinachotaka kufuata njia hiyo kisilipe hata senti kabla ya kuliona shamba wakati wa masika. Tazameni alama za tope kwenye kuta za majirani na vigogo vya miti, na waulizeni wazee maji yalifika wapi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, hata kama muuzaji ana karatasi yenye mihuri mitatu. Mpima ardhi atakapokuja, mwambieni achore kwanza mkondo wa maji, mitaro na mahali pa miti, ndipo agawe viwanja. Mwanachama atalalamika kwamba kiwanja chake kimepungua hatua kumi. Mpelekeni akauone mtaro mvua ikinyesha.

Hesabu ya nauli iwekwe mezani pamoja na bei ya ardhi. Masharti ya chama yaseme wazi kwamba mpangaji anaweza kuwa mwanachama, na kwamba mwanachama akifa, mrithi aliyemwandikisha ndiye atakayeshika hisa zake. Nakala ya daftari la wanachama ipelekwe ofisi ya chama kikuu kila robo mwaka.