Embe la Makueni Latafuta Jina

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi, akishapita Kibwezi na Emali, hufika mji mdogo uitwao Sultan Hamud. Jina hilo ni la Sayyid Hamoud bin Mohammed, aliyetawala Unguja kuanzia 1896 hadi 1902. Reli ilipofika bara lilibandikwa kituoni, na mpaka leo halijabanduka. Jina likishashika ndivyo lilivyo, kwa hiyo yafaa lichaguliwe kwa makini.

Jambo hili sasa linawagusa Wakamba wa Makueni na Kitui. Kwa miaka mingi embe la Makueni lilisafiri bila jina. Dalali alikuja na lori, akataja bei aitakayo, akapakia na kwenda zake. Likifika sokoni Kongowea likawa embe tu. Nani aliyelilima, hapana aulizaye. Mwaka 2014 Kenya ilisitisha kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na soko hilo halikufunguliwa tena mpaka 2021. Mkulima akazidi kumtegemea dalali.

Mwaka 2017 serikali ya kaunti ilifungua kiwanda huko Kalamba. Mwanzoni kilisaga rojo la embe na kuliuza kwa watengenezaji wa vinywaji. Rojo lilikuwa la Kalamba, lakini chupa ilibeba jina la mwingine. Baadaye kiwanda kikaanza kutia juisi yake kwenye chupa zenye jina la Makueni. Hapo kazi ikabadilika. Mnunuzi wa pipa huuliza uzito na usafi. Mnunuzi wa chupa hutazama kwanza rangi, herufi na alama. Na alama hiyo lazima itambulikane dukani, ubavuni mwa lori na kwenye tovuti.

Kitui nako, huko Syongila, kuna kiwanda cha kaunti cha kushona nguo kiitwacho KICOTEC. Kilianza kwa sare. Ulipoingia ugonjwa wa korona mwaka 2020, kikageukia barakoa, na jina lake likasikika nchi nzima. Lau kingalijiita kiwanda cha sare, jina lingalikibana.

Mafundi wetu wa kanzu wanalijua jambo hili. Fundi hodari humwachia mtoto pindo refu. Mtoto akikua, pindo hufumuliwa na kanzu ikarefuka, lakini kila mtu huitambua kuwa ni ile ile. Shirika linalokua lafaa kufanya hivyo hivyo: lirefushe pindo, lisiitupe kanzu iliyokwisha kujulikana. Wala kibandiko kizuri kisitangulie mbele ya ubora, maana mnunuzi akidanganyika mara moja harudi.

Wazee husema kizuri chajiuza. Lakini embe la Makueni lilikuwa zuri siku zote, na faida wakaila wengine. Sasa limepata jina. Lililobaki ni kuona kama jina hilo litamfikishia mwenye mwembe bei iliyo bora.