Jiwe Lililozama Kilometa 60 Likarudi

Ukisafiri kutoka Iringa kwenda Dodoma utapita Isimani, nchi kavu ya mashamba ya mahindi na vichaka. Wengi hupita pale wakisinzia garini, wala hatuwalaumu. Lakini upande huo wa nchi kuna kilima kiitwacho Yalumba, na baadhi ya mawe yake yalipata kushuka chini ya ardhi kilometa zipatazo 60, kisha yakarudi juu.

Labda utauliza: Nani alikwenda huko akaona? Hakuna. Shimo refu kupita yote yaliyochimbwa na watu, lile la Kola nchini Urusi, lilizidi kidogo tu kilometa 12. Shahidi ni jiwe lenyewe.

Unga ni ule ule, lakini ukisongwa huwa ugali, na ukiokwa huwa mkate. Ndivyo na mawe. Chukua bazalti, jiwe jeusi ambalo ndilo sakafu ya bahari kuu. Likizamishwa mbali sana chini, hubanwa hata chembe zake hujipanga upya bila kuyeyuka. Hapo hutokea ganeti nyekundu na madini mengine ya rangi ya kijani, na jiwe hilo jipya huitwa eklojaiti. Jiwe la namna hii halifanyiki karibu na uso wa dunia. Mabingwa walipoyapima madini ya Yalumba walikuta kwamba yalifanyika penye joto la nyuzi 750 hivi, na mgandamizo wa mara 18,000 kuliko huu wa hewa tunayovuta.

Sasa, nini kililizamisha? Ganda la dunia si kipande kimoja, ni mabamba makubwa yanayosogea polepole. Mawili yakikutana, lile la sakafu ya bahari, kwa kuwa ni zito, huingia chini ya mwenzake. Bahari hupungua, hupungua, hata nchi kavu iliyofungamana na bamba lile nayo huvutwa. Lakini mawe ya nchi kavu ni mepesi. Lisukume dumu tupu majini uone: ukiliachia, linapanda. Ndiyo sababu zamani wengi hawakukubali kwamba nchi kavu yaweza kuzama mbali.

Ubishi huo ulivunjwa huko Ulaya. Mwaka 1984 Mfaransa Christian Chopin alichunguza mawe ya Dora Maira, katika milima ya Alpi nchini Italia, ambako zimo ganeti nyingine kubwa kama ngumi. Ndani yake alikuta koesaiti, madini ya asili moja na kwatzi, yanayohitaji mgandamizo kama ule wa kina cha karibu kilometa 100. Ganeti ilikuwa imeyafungia kama sanduku, yasipate nafasi ya kugeuka tena njiani. Na mawe yale yalikuwa ya nchi kavu! Yalizama, kamba ikakatika, yakapanda.

Turudi Yalumba, maana mawe ya Dora Maira ni watoto wa juzi: yana miaka milioni 35 hivi. Mwaka 1995 Andreas Möller na wenzake walitangaza umri wa yale ya Usagara, walioupata kwa kupima urani inavyogeuka polepole kuwa risasi ndani ya madini. Ni miaka milioni 2,000. Tena asili yake yafanana na sakafu ya bahari. Hapo mabingwa waliinua vichwa, kwa sababu wapo waliodhani kwamba dunia ya zamani ilikuwa ya moto mno, ganda lake lisiweze kuzama namna hii. Kumbe wakati ule, pembeni mwa bamba kongwe la Tanzania, palikuwa na bahari iliyokwisha kumezwa.

Eklojaiti safi si nyingi. Jiwe linapopanda, mgandamizo hupungua, maji hupenya, na ganeti huanza kuliwa kingoni. Ukikata jiwe la namna hiyo utaona duara jekundu, na kulizunguka pete ya madini meusi na meupe. Pete hiyo ndiyo alama ya safari ya kurudi.