Je, Wajua? Nani Atangulie Kwenye Sauti ya Mwimbaji

Vifaa vilevile vya studio, vipimo vilevile, lakini ukivibadilisha nafasi, sauti ya mwimbaji inatoka na sura nyingine kabisa. Je, wajua kwamba…

…kompresa ndiyo chanzo cha yote? Hupima ukubwa wa kila kinachoifikia, kisha hubana kilichovuka kizingiti. Kwenye uwiano wa 4:1, sauti iliyovuka kwa desibeli 12 hutoka imevuka kwa 3 tu. Kwa hiyo kifaa chochote kilicho mbele yake huamua itabana nini.

…mguu ukigonga stendi ya maikrofoni unaweza kuzamisha neno zima? Mngurumo wa chini ya hezi 80 hausikiki kwenye spika ya simu, lakini kompresa inaupima na kubana kila kitu, pamoja na neno linaloimbwa wakati huo. Ndiyo maana mafundi wengi hukata besi isiyotakiwa kabla ya kompresa.

…mng'ao huongezwa baadaye? Ukiongeza trebo kabla ya kompresa, sehemu ya ulichoongeza hubanwa. Ukiongeza baada yake, unakipata chote.

…ikwalaiza mbili (vifaa vya kuongeza au kupunguza besi na trebo) zinazofuatana hazijali foleni? Ikwalaiza safi ya kompyuta haipimi ukubwa wa sauti, inazidisha tu. 2 mara 3 na 3 mara 2, jibu ni lilelile. Weka kompresa katikati ya hizo mbili, foleni inaanza kuwa na maana.

…geti ya kelele, inayofunga sauti ndogo zisipite, hupenda kutangulia? Kompresa hupunguza pengo kati ya uimbaji na mvumo wa feni. Pengo likishapungua, geti haijui ifungie wapi, na huanza kula miisho ya maneno.

…Auto-Tune, programu ya kunyoosha noti za mwimbaji, ilibuniwa na mtu aliyetoka kwenye utafutaji wa mafuta? Andy Hildebrand alikuwa mtaalamu wa kuchambua mawimbi ya mitetemo ya ardhi. Programu yake ilitoka mwaka 1997, na leo imeenea hadi Bongo Flava. Huwekwa mwanzoni kwa sababu inahitaji noti moja safi: riverbu, yaani mwangwi wa kuongezwa, ikitangulia, mkia wa noti iliyopita hugongana na noti mpya.

…kompresa mbili zinaweza kugawana kazi? Kompresa ya 1176 ya Bill Putnam, iliyotoka mwaka 1967, inaweza kuanza kubana ndani ya mikrosekunde 20, yaani sehemu 20 kati ya milioni moja za sekunde. Huwekwa mbele ikamate milipuko ya ghafla. LA-2A, inayotumia taa na kihisi cha mwanga, hufuata na kusawazisha polepole. Ukizigeuza, milipuko huifikia LA-2A kabla haijaamka.

…kompresa inaweza kunoa "s" na "sh"? Irabu nzito hubanwa, konsonanti hizo nyepesi hupita, na ukipandisha ujazo zinachoma masikio. Kifaa cha kuzipunguza hufaa baada ya kompresa, lakini kabla ya riverbu. La sivyo, kila "s" huacha mkia wa mvuke.

…mwaka 1947 riverbu ilitoka bafuni? Putnam huyohuyo alitumia bafu la studio yake Chicago kama chumba cha mwangwi kwa kundi la Harmonicats. Siku hizi riverbu hupewa njia yake ya pembeni. Ukiipitisha kwenye kompresa ya mwimbaji, mwangwi huvimba kila anapovuta pumzi.

…kitelezi cha ujazo nacho kina zamu? Kikiwa baada ya kompresa hubadilisha ukubwa tu. Ukipandisha ujazo kabla yake, unaongeza na mbano.

…sikio hudanganywa na ukubwa? Kati ya sauti mbili, ile kubwa kidogo huonekana bora. Kabla hujaamua foleni ipi imeshinda, sawazisha ujazo wa zote mbili, funga macho, kisha sikiliza wimbo mzima, si kibwagizo peke yake.